Mpima majengo nilimuita ukuta umeshafika madirishani

Wakuu, nawasalimu nyote, wa mjini na wa mlimani.

Haya ninayowaletea yalinikuta mimi mwenyewe, na nimepita miaka tisini, sina tena mtu wa kumdanganya. Mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu, mimi nasema tu. Akikosea herufi, mumuulize yeye.

Sababu ya uzi huu ni yeye. Anajenga, na juzi aliniuliza, "Babu, surveyor anaitwa lini? Kabla ya foundation ao ukuta ukishapanda?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Alimuuliza mtu sahihi, maana mimi nilimuita siku ambayo haifai.

Turudi nyuma, miaka ya hamsini.

Nilikuwa kijana wa Nyabiondo, kule Masisi, mtoto wa wakulima wa maharage na mihogo. Nikateremka Walikale, kwenye pori la Itebero, nikapata kazi kwenye kampi ya madini. Huko nikajifunza umasoni, yaani uashi.

Wakuu, nilikuwa fundi. Sijisifu, ila ukuta wangu ungeuwekea timazi asubuhi na jioni, hausogei.

Lakini kulikuwa na jambo moja sikulijua, na ndilo lililoniponza. Kule kampini, sisi wamasoni tulikuwa tukifika tunakuta vigingi vimeshapigwa na kamba imeshavutwa. Wapima walikuwa wamekuja wiki nyingi kabla yetu na kuondoka. Sikuwahi kuwaona wakifanya kazi.

Kwa hiyo kichwani mwangu nyumba ilianzia kwenye tofali. Vigingi niliviona kama mapambo ya Wazungu.

Huko huko Itebero nikamuoa Anyesi.

Siku ya harusi, baba yake, Papa Zakaria, aliniita kando ya kanisa. Mzee mfupi, mkimya, mtu wa mitego na mawese. Akaniuliza:

"Mutoto wangu anaenda mbali. Atalala wapi?"

Nikajibu kwa kifua, watu wakinisikia: "Atalala mu nyumba ya matofali, Papa."

"Muzuri. Nitakuja kuiona mbele azae."

Yaani kabla mtoto hajazaliwa. Basi. Neno likishatoka halirudi.

Tukatembea siku nyingi kutoka msituni hadi kwetu mlimani. Anyesi hakuwahi kuona baridi ile. Asubuhi ya kwanza alitoka nje, akaona ukungu umelala bondeni, akaniuliza nani amechoma nini huko chini. Hadi leo nikikumbuka natabasamu peke yangu.

Baba yangu akanipa kiwanja. Kilikuwa shamba la maharage la mama yangu, tambarare kabisa katikati ya mteremko, chini yake safu ya matete. Nikafurahi sana. Kilima kizima kimelala upande, hapa pamejisawazisha penyewe!

Mtu wa mlimani angepaswa kujiuliza nani alipasawazisha. Ni jembe la mama yangu. Miaka na miaka udongo ulikuwa unashuka kidogo kidogo kila msimu, unazuiliwa na yale matete. Nusu ya juu ilikuwa kilima chenyewe. Nusu ya chini ulikuwa udongo wa kulundikana tu, mtamu kwa maharage.

Nami niliyezaliwa pale sikuona, kwa sababu nilikuwa nimerudi fundi.

Aliyeona ni Anyesi. Alikuwa amelima pale msimu mmoja na mama yangu. Nilipoanza kuchimba msingi akasimama akiniangalia, halafu akasema:

"Papa, huku chini jembe inaingia mpaka ku mupini. Huku juu inagonga jiwe. Haiko udongo moja."

Nikamjibu nini? Sikilizeni upumbavu.

"Weye uko muntu wa pori. Mambo ya mulima unajua nini?"

Akaenda kuchota maji. Nikachimba msingi kina cha goti pande zote, kama kule kampini.

Niseme pia yaliyokuwa mazuri, maana yalikuwepo. Kiangazi kile tulichoma matofali, na harufu ya tanuru ilikaa kwenye nguo zetu mwezi mzima. Majirani walijipanga kuanzia mtoni hadi juu, tofali likitoka mkono hadi mkono, huku wakiimba nyimbo za kanisani ambazo mtu mmoja alikuwa akizichafua maneno makusudi ili akina mama wamfokee. Hakuna aliyedai kitu. Walikula maharage, wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakaenda kwao. Ujirani ule sijauona tena popote.

Ukuta ukafika madirishani. Anyesi tayari alikuwa mjamzito.

Mvua za kwanza zikaja. Siku ya tatu nikaona ufa mwembamba kama uzi, ukutani upande wa chumba cha kulala. Nikaupaka udongo. Wiki iliyofuata ukarudi, kidole changu kinaingia. Nikaupaka tena, nikasiliba juu yake udongo mweupe, pakapendeza.

Ukarudi tena. Wakuu, ufa hauoni haya.

Wakati huo huo wapitanjia wakaleta habari kwamba Papa Zakaria ameshaanza safari.

Hapo ndipo nikakumbuka kuna watu wanaitwa wapima. Nilisikia mmoja, Papa Silivestri, yuko upande wa Mushaki akipima barabara. Nikatembea siku mbili kumfuata. Alikuwa mtu mrefu, mpole, kofia haitoki kichwani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu:

"Ukuta imefika wapi?"

"Ku madirisha, Papa."

Akafunga macho kidogo kama mtu anayesikia habari ya msiba. Lakini alikuja. Tulipanda lori hadi Masisi mjini, sehemu iliyobaki tukaitembea.

Nilidhani atatoa vyombo vyake aanze kupima. Alivitua chini na kuuliza:

"Nani njo analimaka hapa?"

"Mama yangu, na bibi yangu."

"Uite bibi yako."

Bibi kwetu ni mke. Anyesi akaja, tumbo mbele. Mpima akampa fimbo, akamwambia kwa heshima, "Mama, tembea. Fasi jembe inabadilika, simama."

Mke wangu akapita kwenye mlango usio na mlango, akaingia ndani ya nyumba yangu, akaenda moja kwa moja, akasimama katikati ya chumba cha kulala. Akachora mstari.

Papa Silivestri akachukua chuma chake kirefu. Hatua moja juu ya mstari akapiga, kikaingia urefu wa kiganja, kikakataa. Hatua moja chini ya mstari akasukuma kwa mkono mmoja, kikazama karibu chote.

Akaniangalia. Mimi nikaangalia miguu yangu. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

"Masoni," akasema, "weye uliniita juu ya kuzika, hapana juu ya kuponesha. Mupima anaitwa mbele jembe ya kwanza ya fondasyo iguse udongo."

Nikamuuliza kama hakuna dawa. Akasema naweza kupaka, naweza hata kuezeka, itasimama pengine hadi Noeli. Baada ya hapo hasemi. Dawa ilikuwa kubomoa nusu ya chini, kujenga fupi juu ya jiwe.

Alipoondoka, baba yangu akanishauri kama wazee wanavyoshauri: "Paka udongo mweupe. Mukwe ataona, atafurahi, atarudi kwake. Nyuma, akishaenda, utabomoa."

Nitakuwa mkweli kama nilivyoahidi. Nilitaka kumfuata baba yangu. Nililoweka hata udongo wenyewe. Fikirini, mzee anatoka Itebero kwa miguu aje kuona nyumba ya matofali, akute kifusi? Mimi niliyejibu kwa kifua?

Anyesi aliniona nikikoroga. Hakupandisha sauti.

"Baba yangu ataona nyumba," akasema. "Mimi njo nitalala ndani."

Nikaacha kukoroga. Nikachukua nyundo.

Siku ya pili ya kubomoa, niko juu ya ukuta, vumbi hadi kwenye nyusi, nikasikia Anyesi akilia kwa furaha. Baba yake alikuwa amefika, mzigo wa samaki wakavu na mawese kichwani. Akautua taratibu. Akaangalia kifusi, akaniangalia mimi.

"Njo hii nyumba?"

Nikashuka. Nikamweleza yote, bila kumtazama usoni kama inavyompasa mkwe. Jembe, jiwe, vigingi, udongo mweupe, hata lile neno la mtu wa pori. Lile ndilo lilikuwa gumu zaidi kutoka.

Mzee akaingia ndani. Akatia kidole kwenye ufa uliobaki, akakaa nacho humo kitambo.

"Nani alikuambia ubomoe?"

"Mutoto wako, Papa."

"Na ulimusikia?"

"Nilichelewa. Lakini nilimusikia."

Akavua koti lake, akalikunja.

"Kule kwetu nilikupatia yeye na mudomo, juu watu walikuwa wanaangalia. Leo njo ninakupatia."

Akainama, akaokota tofali, akaninyooshea. Tukafanya kazi hadi jioni, yeye chini, mimi juu. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Nyumba ilitoka fupi, vyumba viwili tu, vyote juu ya jiwe. Mtoto hakuisubiri, alizaliwa jikoni kwa mama yangu. Mwezi wa kumi na moja, mchana kweupe, mvua ikashusha ile nusu ya chini ya kiwanja pamoja na matete yake hadi kwenye kijito. Tulikuwa mlangoni, tukaangalia. Anyesi hakusema "nilikuambia". Hakuwahi kusema, hadi alipofariki. Namkumbuka sana mama yule.

Somo langu, mjukuu wangu aandike vizuri: surveyor muite kabla hujakata udongo, kabla hujanunua hata tofali moja. Nyumba haianzii kwenye tofali. Na kabla ya kumuita, muulize anayelima kiwanja hicho, na akikujibu, nyamaza usikie.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nyinyi mlimuita mpima lini, na nini kiliwakuta? Mwageni hapa bila aibu, mimi nimeshatangulia.

Na kama kuna mtu wa Nyabiondo humu, miaka mingi imepita sijaweza kurudi. Juu ya kijito kulikuwa na nyumba fupi ya matofali, mlango unatazama bonde. Kama bado imesimama, aniandikie. Kama imeanguka, ninamuomba anyamaze tu.