Nusu Mbili za Uso wa Dada Yangu

Mimi nikikasirika siongei polepole, na hapo ndipo hii maneno yote ilianzia.

Tulikuwa tumeenda Ruiru kwa kina shemeji, wiki sita kabla ya harusi ya dada yangu. Chai imenywewa, mambo ya tenti imeisha, tukafika kwa mekapu. Nikasema mekapu ni mimi, kwani hiyo si ndiyo kazi yangu? Niko na kiti kimoja na kioo huko Mwiki, kwa kona ya saluni ya mtu mwingine, na hakuna mtu alinifunza. Nilijifunza na simu na uso wangu. Dada ya shemeji akaangalia brashi zangu, akasema kwa upole kabisa kwamba mekapu ya mkono ni sawa kwa ruracio, siku ya mahari, lakini siku ya kanisa kwao hutumia airbrush, ile ya kupuliziwa na mashine, na kama kwetu hakuna mtu anajua, wao watatutafutia.

Kwetu hakuna mtu. Hiyo tu ndiyo nilisikia. Nilimjibu mpaka tata yetu, mdogo wa mama, akanifinya paja chini ya meza. Nikamwambia huyo dada ya shemeji hiyo airbrush nitaifanya mwenyewe, na ataniomba nimpake. Dada yangu alikuwa amekaa hapo kando na kikombe chake. Hakuna mtu alimuuliza anataka nini, hata mimi.

Aliniambia tukirudi nyumbani Thika, mtaa wa Kamenu. "Nataka kitu kidogo tu, ya mkono," akasema. "Nataka Mum anijue."

Mama yetu alikuwa ameanza kupotea. Ilianza na funguo, ikafuata njia ya soko, halafu watu. Majirani wetu wa Kamenu, watu wamekaa na yeye miaka ishirini, alikuwa anawakaribisha kama wageni. Lakini dada yangu hakuwahi kumpotea. Alikuwa anamwita kairitu, msichana mdogo, na huyo msichana ako na miaka thelathini. Na dada yangu alijichunga. Miaka miwili hakubadilisha nywele, mistari tu ya kurudi nyuma. Sweta ni ile ile ya maruni. Chini ya macho ako na vidoa vidogo vyeusi, kama mtu amemrushia majani ya chai, na mama ako na hizo hizo. Kila jioni mama alikuwa anazigusa na kidole gumba, upande huu, halafu ule, vile mtu huangalia kama amefunga mlango.

Mimi ananijua na mdomo. Hata kabla anione anasema, "Yule wa kelele amekuja."

Nilimwambia dada yangu mkono hautaweza. Yeye hulia haraka, na poda ingeshuka mpaka shingo kabla pasta amalize. Airbrush, machozi inapita juu yake kama maji kwa mabati. Ilikuwa ukweli. Lakini sikuwa nafanya kwa sababu ya machozi.

Nikaazima mashine kwa msichana tunajuana, kakompresa kadogo kananguruma kama friji mzee. Nikafanya mazoezi kwa paja langu mpaka nikajua umbali, na kidole kinabonyeza vipi. Halafu Jumamosi moja nikaibeba hadi Kamenu tufanye trial. Ukitaka mtu achague, unampaka nusu kwa nusu. Upande wa kushoto nikampaka na sponji, nyepesi, vidoa vikibaki vinaonekana kidogo. Upande wa kulia nikapuliza safu tatu. Ngozi ikawa moja kutoka paji mpaka shingo. Nilijiringa, siwezi kudanganya.

Nilikuwa nimemfungisha macho nimalizie kope, na mashine inanguruma, wakati mama alitoka jikoni na sukuma wiki mkononi. Alikuja na upande wa kushoto. Akasema, "Kairitu, umekunywa chai?" Dada yangu akajibu amekunywa. Mama akazunguka kiti akavute pazia, akafika upande wa kulia, akamwangalia. Akamwinamia kidogo, vile husalimia wageni.

"Habari yako mami," akasema. "Umekaribishwa?"

Dada yangu hakusikia vizuri. "Mum anasema nini?"

"Anasema umependeza," nikamwambia.

Kile mama alisema kweli sijawahi kumwambia mpaka leo. Nilijiambia mama amechoka, ni pazia, ni mwangaza. Dada yangu akafungua macho, akajiangalia kwa kioo muda mrefu, akasema kama mama ameipenda basi ni airbrush.

Siku yenyewe wanawake wetu walifunga geti vile hufanywa, na wale wa Ruiru wakaimba huko nje mpaka wakafunguliwa. Mama alikuwa mzima asubuhi hiyo. Amevaa vizuri, anauliza kila dakika kama kairitu ameamka. Nilikuwa nimemfungia dada yangu bedroom toka saa kumi na mbili. Nilipomtoa, vigelegele ikaanza sebule yote.

Kwetu bibi harusi hatoki kwa nyumba kabla mzazi amuwekee mkono kichwani na kumuombea. Baba hayuko, kwa hivyo ni mama. Dada yangu akasimama mbele yake. Mama akamshika mkono na mikono yake yote miwili.

"Hongera mami. Umependeza sana. Mama yako ako wapi?"

"Mum, ni mimi."

"Sawa mami." Halafu akanitafuta na macho hapo katikati ya watu. "Wewe wa kelele, hebu angalia kairitu ameshikwa na nini. Wageni wamejaa."

Tata akamweleza na Kikuyu, kwanza polepole, halafu kwa sauti. Mama alisikiza akitingisha kichwa, kama anapewa habari ya jirani. Tukamwambia aombe tu, hata kama hamjui. Akaficha mikono nyuma.

"Siwezi kubariki mtoto wa wenyewe kabla ya wangu," akasema. "Wacha nimngoje."

Dada yangu akarudi bedroom, na mimi nyuma yake. Akashika wipes akaanza kujisugua hapo chini ya macho, akitafuta vile vidoa, na hakuna kitu ilitoka. Wipes ilikuwa nyeupe vile ilitoka kwa paketi.

"Itoe," akaniambia. "Toa hii kitu."

Ile rangi inatoka na mafuta. Mafuta ya kupika ilikuwa jikoni, hatua kumi. Ingechukua dakika tatu. Nilijua. Lakini kwa mlango dada ya shemeji alikuwa amesimama na simu anapiga picha, na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia akiuliza tata ni nani amempaka, hii kazi ni safi. Nikamshika dada yangu mkono.

"Usiharibu," nikasema.

Aliniangalia. Halafu akaachilia ile wipes ikaanguka kwa zulia, akatoka. Tata ndiye aliomba.

Kanisani mama alikaa kiti cha mbele, na kila mlango ukilia anageuka. Picha tulipigia huko Chania, karibu na maporomoko, maji inaturukia sisi wote. Nywele za watu zikalala. Uso wa dada yangu haukusonga hata kidogo. Alilia kutoka kanisani mpaka keki na haukusonga. Mpaka sasa watu wanakuja Mwiki na hiyo picha kwa simu, wananiambia wanataka kama hii. Nawapaka.

Jumatano baada ya harusi dada yangu alikuja Kamenu, uso mtupu, sweta ya maruni. Mama alikuwa anachagua maharagwe. Akainua kichwa, na kidole gumba kikaenda chini ya jicho, upande huu, halafu ule.

"Kairitu. Ulikuwa wapi wewe? Tulikuwa na harusi hapa. Msichana wa watu, mrembo, analia anataka mama yake. Nilimhurumia. Nilikungoja mpaka wakaenda."

"Nilichelewa, Mum," dada yangu akasema.

"Siku ingine usichelewe."

Kabla mvua ndefu iishe, hata uso mtupu ulikuwa hausaidii. Sasa mama anamwita mami kila siku, na anamkaribisha chai. Mimi bado ananijua. Nimejaribu kuingia kimya, viatu mkononi, na bado anasema yule wa kelele amekuja. Dada yangu anasikia akiwa hapo kando, na kikombe chake.