Kikapu cha Pamba Darini

Pamba ina kiburi. Mgomba ukiukata kipande ukakitia chupani pamoja na chakula chake, kitachipua hata ukikinunia. Pamba utaibembeleza mwaka mzima, nayo itakupa bonge la kijani lisilo na mzizi wala jani, kisha ife. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea na kuifanya kule bara: kuishawishi pamba ya kwetu Kwale ikubali kukua chupani, ili baadaye tuweze kuitia nguvu ya kumshinda funza anayetoboa vitumba vyake. Wenzangu katika maabara walikuwa wakinicheka, wakiniambia nitafute mmea wenye adabu.

Mwishowe ikakubali. Sikumaliza hata kufurahi, wafadhili wakaondoka, stima ikakatwa, na karibu kila kilichokuwa chupani kikaoza. Nilichookoa ni miche michache niliyoifunga katika magazeti yaliyoloa maji, nikaileta kwa baba, kijijini nyuma ya Msambweni. Mkuu wangu wa zamani aliniahidi kwamba nikipata mbegu za miche ile, atanitafutia mahali pengine nianze tena. Bila mbegu sikuwa na cha kuonyesha isipokuwa maneno, na maneno ya wasomi wasio na kazi yamejaa tele.

Huku nikingoja, ilinibidi nile. Nikafungua duka Ukunda pamoja na mtu wa bara aliyekuwa mtunza bustani wa hoteli moja ya Diani, kabla wageni hawajaadimika. Tuliuza mbegu za mchicha, dawa za wadudu na miche ya maua.

"Daktari, achana na hiyo kitu, bana," alikuwa akiniambia. "Pamba ilikufa kitambo. Hapa ni nyanya tu."

Nilikuwa nikimchukia asubuhi nzima, kwa sababu alisema kweli. Kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa kimefungwa, na wakulima wengi walikuwa wameshang'oa.

Baba ndiye aliyeniamini. Maabara hakuijua, lakini pamba aliijua, maana ndiyo iliyonisomesha. Aliizungushia miche yangu ua wa miiba, akawafukuza mbuzi wa jirani kwa matusi ambayo sikudhani anayajua. Watu wakimuuliza ni nini kile, huwajibu, "Hawa ni wajukuu wangu. Mwanangu hajaniletea wengine." Mimi nilikuwa nikiona haya, yeye akicheka mpaka akakohoa.

Vitumba vilipopasuka, mawingu yalikuwa yameshatanda. Baba hakunisubiri. Aliichuma pamba yote na mbegu zake ndani, akaitia kikapuni, akakipandisha kikapu darini juu ya jiko, mahali pakavu, kisha akaniletea salamu kwamba mali yangu iko salama. Mvua ikaja, ile kubwa iliyovunja madaraja. Shamba likawa ziwa na miche ikaoza mizizi. Sikuhuzunika sana. Mbegu zilikuwa darini, na maji yakipungua barabarani ningekwenda kuzichukua.

Badala yake nililetewa habari kwamba baba ana homa. Kabla sijafunga duka, ikaja habari ya pili. Sehemu kubwa ya njia niliikata kwa miguu, maji yakinifika magotini. Nilipofika, wanaume walikuwa wameshamwosha na kumkafini, wakiningoja mimi tu nimtazame uso. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Ameondoka vyema, alhamdulillahi. Duka la hapa kijijini halikuwa na pamba ya kumkafinia, na njia ya mjini imekatwa na maji. Maiti hangojeshwi. Nikakikumbuka kile kikapu chake. Ameondoka na pamba aliyoichuma kwa mkono wake."

Alilisema hilo kama mtu anayenipa zawadi. Nami, baba yangu akiwa jenezani mbele yangu, nikauliza, "Na mbegu je?"

"Tulizichambua tukazitia ufuoni, pamoja na vilivyobaki."

Ufuo ni shimo linalochimbwa ndani ya chumba, chini ya kitanda cha kuoshea, ili maji ya maiti yaingie humo. Vipande vya sabuni, nyuzi, vitambaa, vyote hutiwa humo, kisha hufukiwa. Ufuo wa baba ulichimbwa chumbani kwake yeye na mama, na ulikuwa umeshafukiwa.

Tulimzika mvua ikinyesha. Nililia hadi nikashikwa mabega, na mpaka leo sijui machozi yale yalikuwa ya baba peke yake au ya baba na kikapu. Shangazi nilimkasirikia, lakini hasira ilikosa pa kukaa. Alikuwa amempa ndugu yake kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya nyumba ile.

Siku za matanga nilikaa barazani na waombolezaji, mawazo yangu yakiwa chini ya sakafu. Niliijua mbegu ya pamba. Udongo ukiwa na unyevu na joto, haichelewi kuamua kuoza au kuota. Kumwomba mtu jembe ningeweza. Lakini mtoto anayefukua ufuo wa babake kijijini kwetu ana jina lake, nalo halitamkwi mbele ya mama yake.

Watu walipokwisha kutawanyika, mama, aliyekuwa amekaa eda, aliniita chumbani. Miche ilikuwa imechomoza kwenye sakafu ya udongo, pale ulipofukiwa ufuo, dhaifu, imepauka, yote imeinamia dirisha.

"Hii ndiyo pamba yako?"

"Ndiyo, mama." Nilikuwa nimeshaanza kutafuta makopo kwa macho. "Nitaihamisha leo hii. Haitakusumbua."

"Ing'oe. Usiipande."

"Mama, hakuna nyingine."

"Imekunywa maji aliyooshwa babako. Mimi nalala hapa peke yangu, nikifumbua macho naiona. Utakwenda nayo bara, watu waitie chupani, waikatekate. Sitaki akatwekatwe."

Nilitaka kumweleza. Nimewaeleza maprofesa mambo magumu kuliko hayo.

"Hata mmoja, mama?"

Alijifunika uso kwa leso yake, akalia.

Nikapiga magoti. Udongo ulikuwa laini, miche ikatoka mizima, haikukatika hata unywele mmoja wa mzizi. Mama akausawazisha udongo kwa kiganja, polepole, mpaka pale palipokuwa na matundu pakawa sawa na pengine.

Niliipeleka miche jikoni nikaiweka juu ya makaa. Ilikuwa mibichi, ikakataa kuwaka, ikanibidi niipepee.