Wimbo wa Msiba Mchana wa Jumatano

Meshaki wa hapa Kyimo hajawahi kutetemeka mbele ya watu. Nasema hivi kwa sababu nimekaa jirani naye miaka zaidi ya ishirini, uzio wa matete tu katikati yetu, na nimemwona akipiga tarumbeta mbele ya askofu, mbele ya mkuu wa wilaya, na mbele ya makaburi yasiyopungua arobaini. Kilichomtetemesha ni kisanduku cha plastiki chenye kitufe chekundu. Mpaka leo nikimkumbusha ananiambia nikapalilie maharage yangu.

Siku za kawaida ni mkulima wa chai na migomba, mfupi, mpole, mbishi kidogo likija suala la bei ya mbolea. Tarumbeta alifundishwa na mzee Ackson, aliyeongoza kikundi cha matarumbeta cha usharika wetu tangu mimi nikiwa msichana. Baba yake Meshaki alipofariki, mzee Ackson ndiye aliyepiga pale kaburini, mvua inanyesha, hana kofia. Meshaki alikuwa na miaka kumi na minne. Aliwahi kuniambia kwamba siku ile ule wimbo ndio uliomshika asimfuate baba yake shimoni, na palepale akaamua kwamba lazima naye ajue kuupiga.

Wimbo wenyewe ni wa msiba. Hapa kwetu akifa mtu, kabla hata ya kutuma wajumbe, mpiga tarumbeta husimama uwanjani kwa marehemu akaupiga mara moja, na bonde zima likajua. Wimbo mmoja, marehemu mmoja. Wakifanya mazoezi hufanya Jumamosi, ndani ya kanisa, madirisha yamefungwa. Hakuna anayepiga tarumbeta nyumbani kwake siku ya kazi, na jambo hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Sasa, miaka ile ya ruksa ya biashara, mzee Ackson alitokwa na meno ya mbele, miguu nayo ikavimba, binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Mbeya. Aliondoka na tarumbeta yake mwenyewe, ile iliyong'aa hata siku ya ukungu. Mwaka tisini na tatu, Pasaka ikikaribia, ikaja barua. Anataka kuirithisha tarumbeta angali hai, na amebaki na wanafunzi wawili anaowafikiria: Meshaki wetu, na Jairo wa Kisiba. Yeye kusafiri hawezi, na hataki watu waje kumpulizia tarumbeta sebuleni kwa mkwewe. Kila mmoja amtumie kaseti yenye wimbo mmoja anaouweza. Ziwe zimefika Alhamisi.

Meshaki hakuwa na tarumbeta yake. Aliyokuwa akipiga ni ya usharika, walikuwa wakipokezana watu watatu, na kibonyezo kimoja kilirudi juu kwa msaada wa mpira wa baiskeli. Ile ya mzee Ackson aliitaka tangu siku ya kaburi la baba yake. Hakumwambia mtu, lakini mtu akikoroga chai dakika tano bila kutia sukari, majirani tunajua kuna jambo.

Redio kaseti aliiazima kwa Zuber, mwenye duka pale Makandana. Miaka michache nyuma Zuber alikuwa akiuza chumvi, viberiti na sabuni ikipatikana. Biashara ilipofunguliwa duka likajaa redio, saa na miavuli ya kila rangi. Alimwonyesha Meshaki namna ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja ili mashine irekodi. Akampa na kaseti ya zamani ya muziki wa dansi, vitundu vyake vya juu ameviziba kwa karatasi ili iweze kurekodiwa upya. Akamwonya kwamba betri zimeanza kuchoka, asichezechezee.

Jumatano Meshaki alingoja mpaka mkewe Sekela, mama wa binti yao Tulia, ameondoka na maparachichi kwenda sokoni Tukuyu. Hakutaka hata yeye amsikie. Mvua ikampigia mabati asubuhi nzima, ndani hapakurekodika kitu. Ilipokatika, kama saa nane, akatoa kigoda uwanjani, akaiweka redio juu yake, akachagua wimbo ambao katika maisha yake hajawahi kuukosea.

Naam, ule ule. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mashine tu, desturi ikachomoka.

Mimi nilikuwa shambani kwangu nachuma chai. Nikasikia mstari wa kwanza, nikavua kofia. Mstari wa pili, nikaanza kuwaza ni nani: bibi wa kule juu au yule mgonjwa wa kifua. Kwenye mstari wa tatu, pale sauti inapopanda, tarumbeta ikakoroma, kisha kimya. Nikadhani mpigaji kazidiwa na uchungu. Baadaye kidogo ukaanza tena, tangu mwanzo. Nikasema Mungu wangu, wawili. Ukakatika palepale. Ukaanza wa tatu.

Baadaye alitusimulia ilivyokuwa. Alikuwa akibonyeza vile vitufe viwili, akiona utepe unazunguka, midomo inamkauka. Aliona kana kwamba mzee Ackson kajikunja ndani ya kile kisanduku, kategesha sikio. Akifika mstari wa tatu anajiambia usikosee, naye anakosea. Anarudisha utepe nyuma, anafuta, anaanza. Mara moja alifika karibu na mwisho, akafurahi, akagundua kwamba alibonyeza kitufe kimoja tu na hakuna kilichoingia. Hapo, anasema, alikaa chini kwenye matope.

Alianza mara tisa. Huko nje sisi tulikuwa tunahesabu. Wa tano ulipopigwa, shamba zima lilishaamini basi limepinduka kwenye mteremko, na wanawake wawili wenye watoto waliosafiri asubuhi ile walikuwa wanakimbia huku wanalia. Nilifunga khanga kiunoni, nikatwaa mzigo wa kuni, nikaenda. Njiani tulikuwa zaidi ya thelathini, wanawake na mikungu ya ndizi na maharage, wanaume na majembe na sururu za kuchimbia makaburi. Mbele alikuwa mzee Andrea, mzee wa kanisa, ameshavaa koti jeusi.

Tukaingia uwanjani. Meshaki alikuwa amesimama peke yake, magoti yana matope, tarumbeta mkononi.

Mzee Andrea akamuuliza taratibu ni akina nani. Meshaki akatutazama, akaona kuni, akaona majembe, akaona koti, na hapo ndipo desturi ilipomrudia. Uso ulimbadilika rangi. Ilibidi aseme kweli mbele ya watu wote, kwa maneno machache, macho yameshuka. Wale wanawake wawili waliposikia kwamba hakuna basi lolote lililopinduka wakakaa chini palepale, mmoja anacheka, mwingine anaendelea kulia, maana kilio kikishaanza hakikatiki mara moja. Mimi nilikuwa na hasira ya kumpiga na ukuni, na wakati uleule nilitamani kumkumbatia. Tisa, na hakuna aliyekufa!

Wanaume wengine walianza kunung'unika. Mzee Andrea akawanyamazisha kwa mkono, akatazama ile redio, akasema, "Tumeshakuja. Simama kama unavyosimama siku zote, utupigie."

Zuber alikuwa amesema kweli juu ya betri. Kitaa cha redio kilikuwa kimefifia. Meshaki akabonyeza vitufe viwili, akaipa redio mgongo, akatugeukia sisi. Tulikuwa tumejipanga bila kuambiwa, nusu duara, kofia mikononi, kama tunavyojipanga kaburini. Akavuta pumzi, na yule mtu mwenye magoti ya matope akaondoka, akabaki Meshaki tunayemjua. Mstari wa tatu ulipanda wenyewe.

Alikuwa kwenye mstari wa mwisho tuliposikia kelele barabarani. Sekela alikuwa anarudi kutoka sokoni. Alisikia wimbo unatoka uwanjani kwake, akaona migongo ya watu, majembe na koti jeusi, na mumewe hamwoni kwa vile ni mfupi. Akatupa kapu. Kile kilio sitakisahau. Alilia jina la mumewe mpaka akafika katikati yetu, na Meshaki alimsikia, alimjua, lakini alikuwa amefundishwa kwamba kaburini tarumbeta haikatizwi kwa sababu ya kilio. Aliishikilia ile sauti ya mwisho mpaka mwisho wake. Kisha akashusha tarumbeta, akasema, "Mama Tulia, nipo."

Sekela alimpiga makofi mawili ya mgongo, ndipo akamshika shati akalilia humo.

Nafasi ya kurekodi tena haikuwapo. Betri zilikuwa zimekufa, na basi la mwisho la Mbeya lilikuwa linakaribia. Kaseti ikakabidhiwa kondakta kama ilivyo, na kilio ndani yake. Chakula cha msiba kwetu hakirudishwi nyumbani, kwa hiyo tulikipika hapohapo tukala. Wanaume, kwa kuwa majembe walikuwa nayo, wakamzibulia Meshaki mtaro wa maji ulioziba tangu Krismasi. Ilikuwa jioni nzuri kuliko arusi nyingi nilizohudhuria.

Jumanne iliyofuata kondakta yuleyule alishusha kifurushi kilichofungwa kwa blanketi. Ndani ilikuwamo ile tarumbeta inayong'aa, na barua fupi. Meshaki hakutaka kuiachia tarumbeta, ikabidi barua nimsomee mimi.

"Jairo hakukosea popote," mzee Ackson aliandika, "na wewe hukukosea popote. Nilikaa siku mbili sijui nimpe nani. Lakini kwenye kaseti yako mwanamke analia kilio cha kweli, na sauti yako haikuyumba. Hilo haliigizwi. Ichukue. Sasa niandikie upesi ni nani amefariki, maana sina amani."

Meshaki alifuta macho kwa mkono wa shati. Sekela akaichukua tarumbeta, akaigeuzageuza, akajitazama humo.

"Mwandikie hakuna aliyefariki," alisema. "Na umwambie nusu ni yangu."

Meshaki aliandika hivyohivyo.