Nilikuwa nasikia macho yangu yakigeuka, ndugu wakasema nina jini

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Anayedhani ni chai, kwamba natunga, asome hadi mwisho, ndipo anitukane.

Mimi ni dereva wa forklift, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, bandarini Mtwara.

Asubuhi moja napiga mswaki, nikatazama pembeni. Sikio la kushoto likatoa sauti kama msasa unapita kwenye mbao. Nikatuliza kichwa, nikahamisha macho tu. Ikaja tena.

Wakuu, nilikuwa nasikia macho yangu yanavyogeuka.

Zikafuata hatua zangu. Kila kisigino kikigusa chini kinagonga ndani ya fuvu. Nikitafuna korosho, utadhani mtu anavunja matofali humo ndani. Mke wangu Zuhura akiweka sikio lake kwenye langu hasikii kitu. Akaanza kuniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Siku moja nimebeba magunia kwenye forklift, meli ikapiga honi. Ghala lote likainama, kama kuna mtu kainua dunia upande mmoja. Nikakanyaga breki bila kuona mbele. Uma za forklift zilisimama jirani kabisa na kifua cha mwenzangu Hamisi.

"Wewe, unaumwa nini?" aliniuliza.

Nikashuka, sikupanda tena.

Shangazi yangu, Bi Somoe, akasema ni jini, akanichukua hadi kijijini kwao, karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini, kwa mganga. Yule mzee akapiga ngoma karibu na sikio la kushoto. Pigo la kwanza ukuta ukazunguka, la pili nikaanguka. Akahamia kulia, nimekaa vizuri tu. Akarudi kushoto, nikaenda chini tena.

"Mmeona," akasema. "Anakaa hapo."

Msinicheke, hata mimi niliamini. Nikawa nakaa nimekodoa macho sehemu moja, maana nikiyasogeza nahisi kuna mtu anajikuna upande wa pili wa mfupa.

Zuhura ndiye aliyegoma. "Jini gani linachagua sikio moja?" Akanipeleka hospitali, tukapewa rufaa ya Dar kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari mwenyewe, mama mmoja, hakucheka. Aligonga kichuma fulani kinachotetema, akakiweka kwenye kifundo changu cha mguu.

"Unakisikia wapi?"

"Sikioni. La kushoto."

"Kaka, nadhani una mfupa umetoboka."

CT scan ikathibitisha. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji inayoshika mizani ya mwili, na mfupa unaofunika mmoja wao ulikuwa na tundu. Sauti za mwili wangu zinapenya hapo, na kelele kubwa za nje zinavuruga mizani. Alisema ni ugonjwa nadra, wengi huonekana vichaa.

Wakanipasua, wakaziba. Nilipozinduka niligeuza macho kulia, kushoto. Kimya. Nikalia mpaka Zuhura akadhani operesheni imefeli.

Usikivu wa sikio hilo umepungua kidogo, na sasa kazi yangu ni getini. Shangazi anasema madaktari wameziba mlango tu, aliyekuwa ndani hajaambiwa atoke. Simbishii, ila siku nyingine nikiwa peke yangu huwa nageuza macho taratibu, nasikiliza.

Nilichojifunza: ukisikia kitu wengine hawasikii, kapime kabla watu hawajakupa jina. Aliyepitia kama haya ashushe kisa chake hapa chini. Na kama kwenu kuna mtu amefungiwa chumbani kwa sababu hiyo, leo mwulizeni anasikia kwa sikio gani.