Haikuwa Samaki

Nina ugonjwa wa utumbo mpana kwa miaka sita sasa. Utumbo unavimba, unatoka vidonda na damu, unatulia, kisha unaanza tena. Shuleni ninapofundisha, meza yangu iko karibu na mlango, na wanafunzi hawaulizi nikitoka mbio. Nilijiona nimeujua ugonjwa huu kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo mwaka jana, kuhara kuliporudi pamoja na homa, sikwenda kwa daktari. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Pweto, kando ya ziwa, wiki hiyo na samaki wakavu, tukala sote. Siku ya tatu, nikiwa nimeegemea ukuta wa uani, nilimwambia mbele ya jirani, "Mama, ile samaki yako iko mubaya."

"Mi piya nilikula," akajibu taratibu. "Bwana yako alikula." Kisha akaingia ndani, akafunga samaki wote waliobaki, akampa jirani, naye akapokea bila wasiwasi.

Mimi nikaanza kumeza kortizoni, dawa yangu ya kutuliza uvimbe wa utumbo, iliyobaki tangu mara ya mwisho. Hali ikazidi. Siku ya tano sikuweza kusimama. Mume wangu alikuwa amerudi kazini Kolwezi, basi mama mkwe ndiye aliyesimamisha teksi na kunishika kiuno hadi kwa daktari.

Daktari alisikiliza, akauliza jambo moja ambalo sikulitarajia. "Mwezi huu ulikunywa antibiotiki?"

Nikakumbuka jino. Nilikuwa nimeng'olewa wiki tatu kabla, nikameza antibiotiki siku saba.

"Inaweza kuwa ugonjwa yako, inaweza kuwa bakteria," akasema. "Kwa macho zinafanana. Tupime choo kwanza. Kortizoni usiongeze mwenyewe."

Majibu ya maabara yalionyesha ni bakteria. Dawa ya jino ilikuwa imeua vijidudu vyema vya tumboni, na huyu mbaya akapata nafasi. Wenye utumbo kama wangu huambukizwa bakteria huyu kwa urahisi zaidi. Daktari aliniandikia dawa nyingine ya siku kumi. Akatuagiza tusafishe choo kwa javeli, ile dawa ya klorini, na kunawa kwa sabuni na maji, kwani jeli ya mikono haimuui bakteria huyu.

Ndani ya teksi nilisema, "Mama, unisamehe. Haikukuwa samaki."

"Niliisha kusamehe," akasema akiangalia nje. "Lakini siku ingine usinisemee mbele ya batu."

Nilishika mkono wake, akauacha hapo.

Alibaki nasi wiki mbili, akisugua choo kwa javeli kila asubuhi bila kuniruhusu nimsaidie. Kuhara kulipungua siku ya sita ya dawa hiyo mpya. Ugonjwa wenyewe ninao bado, ila siku hizi tumbo likianza, ninapeleka choo maabara kabla ya kufungua kabati la dawa.