Mwenye Neno Atajwe Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi, na kabla sijamaliza kuvuka ua wa shule vilikuwa vyeupe. Shule ilikuwa upande wa Kakontwe, nje kidogo ya Likasi, na vumbi la chokaa huko halichagui mtu. Direktari wa masomo, yaani yule anayesimamia vipindi chini ya prefe, mkuu wa shule, alinipa vipande vya chaki na kitabu kilichopoteza jalada.

Akaniambia, "Madamu, Kiingereza hapa hakina mwenyewe. Batoto bapite eksame, basi."

Nikamjibu, "Watapita, na pia wataongea."

Akacheka. Nilimwacha acheke, kwani nilikuwa msichana wa watu wa Kasai, mjukuu wa mtu aliyeletwa Katanga kuchimba shaba, na nyumbani kwetu kuchekwa hakujawahi kumfukuza mtu.

Kazi yangu kubwa, ninyi walimu wadogo mnaosoma haya, ilikuwa somo ambalo wanafunzi wa mwaka wa sita waliliogopa kuliko yote: kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa. Usemi halisi ni maneno ya mtu jinsi yalivyotoka kinywani mwake, yakiwa ndani ya alama za kufungua na kufunga usemi. Usemi wa taarifa ni maneno hayohayo yakipelekwa na mtu mwingine. Hapo alama zinaondoka, "mimi" inakuwa "yeye", "leo" inakuwa "siku ile", "hapa" inakuwa "pale", na wakati wa kitenzi unarudi nyuma hatua moja. Kitabu kilitaka tuandike jedwali ubaoni, wanafunzi walikariri kama sala ya litania. Wengi waliliandika bila kosa na wasingeweza kuomba maji kwa Kiingereza.

Mimi nilifuata njia ya nyumbani. Kwetu, jambo zito halisemwi uso kwa uso. Baba wa nyumba anaketi kimya, ndugu yake mmoja anakuwa msemaji. Mgeni anamwambia msemaji, msemaji anamgeukia baba na kurudia. Lakini kabla hajarudia lolote anauliza kwanza: neno hili ni la nani? Mjumbe asipomtaja aliyemtuma, neno halipokelewi, anarudi nalo. Basi darasani nilimtuma mwanafunzi nje kwa mama aliyekaanga mikate pembeni ya ukuta, asikilize, arudi. Aliporudi darasa zima lilimpigia kelele, "Who said it?" Nani kasema? Akijibu "The woman said that her oil was hot," tulimpigia makofi. Akianza na mafuta bila kumtaja mama, tulimrudisha nje. Inspekta mmoja alikuja, akasema darasa langu ni soko. Nilimwambia sokoni ndiko watu wanakoongea. Hakurudi tena, na mimi sikumwita.

Baadaye nikahamishiwa shule kubwa ya mjini Likasi. Prefe wa pale alikuwa mtu wa tai iliyonyooka na sauti ya chini. Alikuwa na tabia moja: hakusema kamwe "nimeamua". Alisema "imeamuliwa". Kila amri yake ilifika kwetu bila mwenyewe. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la mwaka wa sita, ninayewajibika kwa wale wa mwaka wa mwisho, na humo alikuwemo msichana mmoja, Kapinga, mwenye ulimi mwepesi wa Kiingereza kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Mtihani wa Serikali ulipokaribia, tumbo la Kapinga likaanza kuonekana.

Prefe aliniita ofisini.

"Madamu, ule mutoto hataingia tena hapa. Utaenda kwa bazazi yake. Utabaambia kusema balimu bote bamekata ile maneno."

"Walimu wote? Bwana Prefe, tulikaa kikao lini?"

"Imekatwa."

"Na nani?"

Alikunja uso. "Ukienda kusema mambo ingine kule, utatafuta kazi pengine. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Nilikuwa na watoto wa kulisha na mume ambaye kiwanda kilikuwa kimemrudisha nyumbani. Njia nzima nilikuwa najiambia: sema tu, mama, sema ulichotumwa, urudi ulale. Bila mtihani ule Kapinga angebaki nyumbani na mtoto mgongoni, na akili yake yote ingeishia kuuza vitu vya watu wengine sokoni.

Nyumba yao ilikuwa kama yetu. Baba yake, karani wa zamani wa duka, aliketi kimya. Baba yake mdogo, muuza vitambaa, mtu mnene wa kucheka, ndiye aliyekuwa msemaji. Mama yake alinipa maji. Kapinga mwenyewe alisimama mlangoni, hakulia, alinikazia macho tu.

"Mama Mwalimu," akasema baba mdogo, "mbele ya kufungua kinywa: nani anakutuma?"

"Prefe."

"Ile maneno unaleta iko ya nani? Ya Prefe, ao ya balimu bote?"

Loo! Miaka yote nilikuwa nawarudisha watoto wa watu nje kwa swali hilohilo, na sasa mimi ndiye niliyesimamishwa. Nilimwangalia Kapinga. Hasira zikanipanda, hofu ikakimbia yenyewe.

"Ni ya Prefe peke yake," nikasema. "Amesema kwamba Kapinga asirudi shuleni. Amenituma niseme kwamba walimu wote wameamua. Walimu hatukukaa. Mimi sikuamua, wala sitaki afukuzwe."

Baba mdogo alimgeukia kaka yake, akayarudia yote, neno kwa neno, na jina la Prefe mbele. Baba yake akauliza kitu kimoja tu: "Kesho shule inafungua saa ngapi?"

Kesho yake baba na baba mdogo walifika shuleni wamevaa suti. Prefe alipoona watu hawatoki ofisini mwake, akatuita walimu, akidhani tutamfichia. Baba mdogo alisimama katikati ya chumba, akamwendea mmoja mmoja. "Mwalimu, ile neno iko ya weye?" Wa hesabu akatikisa kichwa. Wa jiografia akaangalia viatu vyake, akatikisa. Wa dini akasema, "Hapana, ndugu yangu." Alipofika kwangu sikungoja aulize, nikasema si langu.

"Bon, vizuri," akasema, na kumgeukia Prefe. "Ni ya weye?"

"Ni ya shule!"

"Shule haina kinywa, Bwana Prefe. Ni ya weye?"

Prefe akapanga upya karatasi za mezani. Angesema tu "ndiyo, ni yangu," labda angeshinda, maana cheo alikuwa nacho. Hakuweza. Hakuwa na mazoea ya kumiliki neno. Neno likakosa mwenyewe mbele ya watu wote, na Kapinga akarudi darasani siku ileile na tumbo lake. Mtihani aliufanya, akapita. Leo ana ghala lake, na madereva kutoka Zambia wanabishana naye kwa Kiingereza na kushindwa.

Mimi nilihamishwa wiki ileile ya Prefe kushindwa, nikapelekwa Kamatanda, shule isiyo na madirisha. "Imeamuliwa," ilisema karatasi. Nilienda na chaki zangu. Huko pia kulikuwa na mama wa mikate pembeni ya ukuta.

Nilipostaafu, walinifanyia sherehe mjini. Prefe yule, sasa mkubwa wa ofisi ya elimu, aliketi mbele. Kwa desturi ya sherehe zetu mstaafu hasemi, protokoli, yaani mwendesha sherehe, anamsemea. Kijana akashika maikrofoni: "Madamu anasema kwamba anashukuru, kwamba amechoka, na kwamba anawaomba wakubwa msamaha kwa mambo ya zamani."

Ebo! Nikasimama na nguo yangu ya sherehe.

"Kijana, neno hilo ni la nani?"

Akamtazama mkubwa. Mkubwa akatazama meza. Ukumbi mzima ukangoja, naye, kama siku ile, hakulimiliki neno.

Nikachukua maikrofoni. "Basi sikieni usemi halisi. Sijachoka. Siombi msamaha. Wakinituma tena kesho, nitamtaja tena aliyenituma."

Ninyi mnaoanza kazi mtatumwa, kila mwalimu hutumwa. Nendeni, lakini jina la aliyewatuma litangulie, hata mkihamishwa. Hilo ndilo nililofundisha, vitenzi mtavikuta kitabuni.

Halafu pale ukumbini bukari, ugali wetu, ikaletwa, na nikaila yote, mbele ya mkubwa yule.