Hedifoni za Kahindi

Kafedha ni mwanamke wa kusikiliza. Akiwa ameinamia beseni la mashuka uani kwao Bombolulu, anajua ni nani anayepita kwa mkokoto wa ndara zake, anajua kama mlango wa jirani umefungwa na hasira au na upepo, anajua kama mtoto anayelia ameumia au anadeka tu. Mashuka ni ya nyumba za wageni za Bamburi, na kazi ya kuyafua ni ya mikono, haina haja na kichwa. Kichwa kikikosa kazi husikiliza. Tangu mwanawe Kahindi afe kimezidi kusikiliza, kama cha mtu anayengoja baya la pili.

Majirani bado wanamwita Mama Kahindi. Ndilo jina walilomzoea, na hakuna aliyethubutu kuanza kumwita Mama Dhahabu, ingawa Dhahabu ndiye mtoto aliyebaki. Kila akiitwa hivyo hunyosha mgongo taratibu, akajifuta povu, akaangalia ni nani, ndipo akajibu.

Kahindi alikuwa akikagua lakiri za makontena kwenye yadi moja huko Changamwe. Foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, ilirudi kinyumenyume ikamkuta amesimama baina ya safu mbili za makontena, hedifoni kichwani. Mwenzake, Kaingu, alikuwa upande wa pili wa safu, hawaonani, akaisikia mashine inavyokwenda akamwita kwa jina. Kahindi hakugeuka hata shingo. Kaingu alipovuta pumzi amwite tena, ilikuwa imeshakwisha.

"Kijana aliziba masikio," wakasema wenye yadi. Neno hilo lilitangulia jeneza mpaka nyumbani kwao bara ya Kaloleni, likakaa matangani likala na watu. Kafedha alilipokea. Lilikuwa neno chungu, lakini alau lilimpa kitu cha kukichukia.

Kitu chenyewe kilirudi ndani ya mfuko wa hospitali pamoja na nguo. Hedifoni kubwa nyeusi, za kufunika sikio zima, hazina waya, hazikuchubuka popote. Na kule kutochubuka kulimuudhi kuliko yote. Alizitundika kwenye msumari nyuma ya mlango akazifunika kwa leso. Na kuna mchana, akiwa anasuuza, ua umetulia, husikia muziki mwembamba ukitoka chumbani, mdogo kama wa inzi ndani ya kopo. Huingia na povu mikononi, akalitega sikio kwenye ile leso. Kimya. Betri ilikuwa imekufa zamani. Hakumwambia mtu, wala mchungaji.

Basi Dhahabu akapata kazi. Duka moja la kuuza vitu mtandaoni lilitaka msichana wa kupokea simu za wateja, akiwa kwake nyumbani, ilimradi awe na hedifoni nzuri yenye kinasa sauti safi.

"Mama, zile za kaka zipo."

"Zipo wapi?"

"Unajua zilipo, mama. Unazivisha leso kama mwali."

"Hizo ndizo zilizomla nduguyo. Zikae palepale."

"Zina meno gani ya kumla mtu? Ni plastiki na sponji."

"Zilimziba masikio. Aliitwa hakusikia. Unataka na wewe niletewe kwa mfuko?"

Dhahabu aliliacha kwa siku ile. Ni msichana mpole, lakini akilitaka jambo hulizunguka mpaka apate mlango. Siku ya pili alikuja na neno lingine.

"Twende kwa Kioko akazipime, mama. Tukiona zinaziba hata mtu akiitwa hasikii, nitazirudisha msumarini mwenyewe na kazi niiache. Lakini zikiwa haziizibi sauti ya mtu, uniachie nizivae."

Kafedha akakubali upesi. Alikubali kwa sababu alikuwa na hakika.

Kioko ana kibanda cha simu Kisauni, Mkamba mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Aliifungua ile leso akapiga mluzi.

"Mathe, hii kitu umetoa wapi? Hii si zile za trei, za kuvaa leo kesho sikio moja limekufa. Hii ni mashine."

"Ni za marehemu mwanangu."

Kioko akaacha kupiga mluzi. Akaziweka juu ya meza kwa mikono miwili, kama sahani iliyojaa, akachomeka chaji.

Zilipokuwa zikila umeme, Dhahabu akamuuliza kama sauti ya hedifoni hizo inafaa kwa kazi ya simu. Hapo Kioko akarudiwa na uhai wake.

"Watu wakija hapa wanaambia mimi, nipe yenye sauti kubwa. Mimi nawaambia, kubwa si nzuri. Hata debe lina sauti kubwa. Kwanza sikiliza besi. Besi ikifunika maneno, hiyo ni ngoma ya harusi, si hedifoni. Kazi yako ni ya maneno, unataka umsikie mteja mpaka pumzi yake. Pili, sauti isichelewe. Kuna zingine mtu anasema hujambo, wewe inakufikia akishakasirika. Tatu, kinasa sauti chake kichukue mdomo wako, kisichukue jogoo wa jirani. Na zisibane kichwa, utashinda nazo mchana kutwa."

"Na kuziba?" Kafedha akauliza. "Mimi nimekuja kwa hilo la kuziba."

"Hilo lina kitufe, mathe. Hiki hapa. Ukibonyeza, zinazima kelele zote za nje. Ukibonyeza tena, zinafanya kinyume: hivi vitundu vinachukua sauti za nje vinakuletea ndani, unasikia kama hujavaa kitu. Ukibonyeza tena zinakaa tu kama kofia. Na hizi zina akili, zinakumbuka. Vile mwenyewe alikuwa ameziweka mara ya mwisho, ndivyo zitaamka."

Kafedha akaziangalia. "Zinakumbuka?"

"Zinakumbuka."

Kioko akaziwasha. Ndani yake ikasema sauti ndogo ya mwanamke, kwa Kizungu. Dhahabu alikuwa ameweka sikio karibu. Uso wake ukabadilika.

"Imesema nini?" Kafedha akauliza.

"Imesema sauti za nje zimefunguliwa."

Huko nje mwanamke alikuwa akigeuza viazi karai katika mafuta. Kafedha aliyasikia mafuta yale yakichemka, akayasikiliza, kwa sababu hakutaka kusikiliza jambo jingine. Kaingu aliwahi kumwambia kwamba msimamizi wa yadi alikataza kuziba masikio, na Kahindi alikuwa mtu wa kutii. Tena siku ile simu yake aliisahau nyumbani kwenye chaji. Hata kama alizivaa kwa mazoea, muziki ungetoka wapi? Mambo hayo mawili alikuwa nayo siku zote, moja huku moja kule, na hakuwahi kuyaweka pamoja.

"Hayo ni maneno ya mashine," akasema. "Nataka nisikie mwenyewe."

Dhahabu akatoka akaenda nyuma ya vibanda, asikoonekana. Wakakubaliana asimwambie mama yake ataita lini. Kioko akamvika Kafedha taratibu, akiepuka kugusa kilemba chake, na kwanza akabonyeza kitufe mpaka ile hali ya kuzima kelele, ili mathe aijue tofauti.

Kisauni yote ikaondoka. Pikipiki zilikuwa zikipita bila kuguruma, na mwanamke wa viazi alikuwa akicheka kwa mdomo mtupu. Kafedha alishika meza. Kimya kile hakikuwa kimya cha kawaida, kilikuwa kinalalia masikio kwa uzito wake, naye akahisi kwamba hajaingia pahali pageni. Kwamba mtu mwingine amekaa humo kabla yake, na kiti bado kina joto.

Kioko akabonyeza tena, na dunia ikarudi. Ilirudi nyembamba kidogo, kama iliyopita ndani ya bati, lakini kila kitu kilikuwamo: mafuta, cherehani ya fundi wa ng'ambo, mtu akikohoa, ufagio ukikwaruza changarawe. Alisikia hata ambavyo masikio yake matupu yasingehangaika navyo. Kwa muda alisahau kilichomleta.

"Mama!"

Ilitoka nyuma, mkono wa kuume. Sauti ya mwanawe, safi, haina mkwaruzo.

Kafedha hakugeuka. Alisimama vilevile, macho mbele, mdomo umefungwa, shingo imekaza, akingoja kuitwa mara ya pili.

Alipojikuta amesimama hivyo ndipo alipojitambua. Ndivyo alivyolelewa. Kwao, mtu akisikia anaitwa na hamwoni anayeita, haitiki wala hageuki, kwa sababu binadamu ataita tena, lakini kisicho binadamu huita mara moja tu, na ukikigeukia umekipa njia. Mama yake alimfunza hivyo kwa kofi. Naye aliwafunza wanawe, Kahindi kwanza, palepale Bombolulu, kwamba mwito mmoja si mwito. Kahindi alikuwa mtoto mtiifu. Akiitwa kutoka nyuma ya nyumba hugandama mwili mzima, kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe, na majirani walikuwa wakicheka, wakisema, "Angalia Kahindi amekuwa nguzo."

Dhahabu akatokea nyuma ya vibanda, mabega yameshuka. Alikuwa amemwona mama yake alivyosimama.

"Hukusikia," akasema.

Kioko akazivua hedifoni akazipuliza vitundu. "Labda vumbi limeingia. Haikufaa iwe hivi."

"Haina haja, Kioko. Tulikubaliana." Dhahabu akaanza kuzifunga kwa leso. "Umeshinda, mama. Twende nyumbani."

Ilitosha anyamaze. Kafedha aliona jinsi mambo yote yangekaa mahali pake: hedifoni msumarini, Dhahabu nyumbani, neno la wenye yadi likabaki kuwa kweli, na kitu cha kukichukia kikawa kilekile cha plastiki na sponji.

"Nimesikia," akasema.

"Nini?"

"Nimekusikia. Umeniita mara moja. Sauti imetoka upande huu. Kabla yake kulikuwa na mtu akikohoa."

Kioko akamtazama, akamtazama Dhahabu. "Sasa mathe, mbona hukugeuka?"

Kioko hakufunzwa hayo. Lakini Dhahabu alikuwa Mgiriama kama mama yake, na alifunzwa na mkono uleule. Mikono yake ilisimama juu ya leso.

Walitembea mpaka wakawa karibu na nyumbani, kwenye njia ya mchanga inayopita ukuta wa shule ya chekechea. Dhahabu ndiye aliyeanza, na alisema polepole.

"Kwa hiyo kaka alisikia."

"Alisikia."

"Alikuwa anangoja Kaingu aite tena."

Kafedha alisimama akaegemea ukuta. Hakulia, kilio cha jambo hili hakikuwa kimefika bado, alikiona kikija kwa mbali. Dhahabu alimshika mkono, naye akauacha ushikwe. Kisha akamwondolea binti yake ile leso mkononi, akazitoa hedifoni, akampa.

"Zivae, ufanye kazi yako. Uziweke pale alipoziweka nduguyo, usiyazibe masikio. Na ukiitwa, geuka. Mara ya kwanza."

"Hata nisipomwona anayeniita?"

"Hata usipomwona."

Dhahabu aliangalia njia waliyotoka. "Na kama si mtu, mama?"

Kafedha alifikiri. Alimfikiria mama yake, na lile kofi. Aliifikiria safu ya makontena, na kijana aliyesimama baina yake kama nguzo, akingoja.

"Hata kama si mtu," akasema, "wewe geuka."